Shangazi, kucha zangu zinanifukuzia wateja

Hujambo Shangazi,

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market, nina miaka 31 na binti mmoja wa darasa la pili. Kazi hii nimeifanya tangu nitoke shule, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, karo na kila kitu, kwa sababu baba mtoto alishaenda zake.

Mwaka jana ukucha wa kidole gumba cha kushoto uliota vishimo vidogo vidogo, kama mtu aliyepita juu yake na ncha ya sindano. Sikujali. Halafu pakatokea doa la rangi ya chai, ukucha ukaanza kuachana na nyama kutoka nchani, na mambo yakahamia vidole vingine. Sasa ni kucha saba. Chini yake hujaa unga mweupe, na kila jioni nikimaliza kazi nauchokoa kwa mkia wa kitana mpaka damu inatoka, maana nisipofanya hivyo naona aibu hata kumrudishia mtu chenji. Nywele za bandia zikipenya kwenye ule mwanya nikiwa nasuka, nakiona cha mtema kuni.

Maumivu ningevumilia. Kilichonishinda ni watu. Jumamosi moja mteja wangu wa siku nyingi, ambaye nimemsuka tangu akiwa chuoni, alikaa nikagawa nywele hadi nusu ya kichwa. Akaniangalia mikono kwenye kioo, akauliza, "Kwani hizo kucha zilifanyaje?" Kabla sijajibu akakumbuka ana haraka ya kwenda tao. Akafunga kitambaa, akaondoka hivyo hivyo. Baadaye nilipita kibanda cha tatu kutoka kwetu nikamkuta amekaa, anasukwa. Tangu siku hiyo mwenye saluni ameniweka kwenye kuosha nywele na kukausha, kazi yenye malipo kidogo. Anasema nikitaka kurudi kwenye kusuka niweke kucha za jeli, nifunike hiyo aibu. Wenzangu nao wananong'ona kuhusu "ule ugonjwa". Nilienda nikapimwa virusi vya ukimwi ili nijue moja. Sina.

Dawa nimetumia. Kwenye kemisti nilipewa tembe za fangasi, nikamaliza, hakuna kitu. Nikapewa tena, mara hii pamoja na krimu. Mama akaniambia niloweke vidole kwenye ndimu na kitunguu saumu. Ngozi ikaungua, wiki nzima sikuweza kushika maji. Juzi mteja mmoja ambaye ni muuguzi alinitazama akasema, "Hii si fangasi, hii ni soriasisi ya kucha," akaniandikia hilo jina kwenye simu. Nilipolitafuta niliona picha za watu wenye mabaka mwili mzima, nikazima simu.

Mimi mabaka sina. Afya yangu ni nzuri, ukiondoa mba ambayo haijawahi kuniisha, viwiko vinavyokauka na kuwa vyeupe hasa baridi ya Julai, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia ambacho asubuhi hakikunjiki vizuri mpaka nishike kazi kipate moto. Hicho najua ni cha kazi, sisi wasusi wote tunaumwa vidole.

Naomba unijibu. Ninaweza kuwaambukiza wateja? Na binti yangu je? Siku hizi naogopa hata kumsuka, nampeleka kwa jirani. Inapona? Na hizo jeli niweke? Desemba inakuja, ndio msimu wetu, na nikiikosa Njaanuari itanikuta pabaya.

Msusi, Kenyatta Market

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, pole kwa hayo yote, na pole zaidi kwa huyo mteja aliyeondoka na nusu kichwa. Maswali yako yote nitayajibu, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza. Kidole chako cha shahada umekipitia juu juu, tena ukakitafutia na sababu kabisa. Mimi nilifanya kazi ya uuguzi muda mrefu kabla ya kukalia kiti hiki cha ushauri, na nilipofika kwenye sentensi hiyo kucha nilizisahau kwanza.

Sikiliza tofauti. Kidole kilichochoshwa na kusuka huuma kadiri unavyokitumia. Asubuhi kimepumzika na kina nafuu. Jioni, baada ya vichwa viwili vitatu, ndipo kinapolalamika. Chako kinafanya kinyume: kinakaza baada ya kulala na kulegea ukishaanza kazi. Hiyo ni tabia ya kiungo chenye uvimbe wa ndani, ule unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Kwa mtu mwenye soriasisi tunauita yabisi ya soriasisi, na huwapata hadi watu 30 katika kila 100 wenye ugonjwa huu wa ngozi. Walioharibika kucha wamo hatarini zaidi kuliko wale ambao kucha zao ni nzima. Sababu iko kwenye maumbile ya kidole. Ukano unaonyoosha ncha ya kidole umejishika kwenye mfupa milimita chache tu kutoka pale ukucha unapozaliwa, na nyuzi zake huendelea hadi kuuzunguka mzizi wa ukucha. Uvimbe ukianza upande mmoja, upande wa pili hauko mbali.

Jichunguze kesho kabla hujatoka kitandani. Huko kukaza kunachukua muda gani kuisha, dakika chache au zaidi ya nusu saa? Kimevimba kiungo kimoja tu, au kidole chote kuanzia shina hadi ncha, kile madaktari wanachokiita kidole cha soseji? Kisigino kinauma unapokanyaga sakafu mara ya kwanza? Mgongo wa chini unakuamsha usiku wa manane, ukitembeatembea unapata nafuu? Andika majibu kwenye simu yako. Ukifika kwa daktari utasema hayo kwanza, kucha baadaye.

Ninakuharakisha kwa sababu ukucha ukiharibika huota tena, lakini mfupa wa kiungo ukishalika haurudi, na kuchelewa miezi tu kunatosha kuacha alama ya kudumu. Tena mtu asikuambie huna kitu kwa kuwa kipimo cha damu cha baridi yabisi kimetoka hasi. Kipimo kile kinatafuta ugonjwa mwingine, na kwa wengi wenye yabisi ya soriasisi hutoka hasi vivyo hivyo. Anayetakiwa ni mtu wa kuushika mkono wako, kuubonyeza viungo, kuukunja, na pengine kuagiza eksirei. Huenda ikawa ni uchovu wa kazi kama unavyosema. Hilo haliamuliwi kwa barua.

Sasa kucha. Huyo muuguzi wako ana jicho. Vishimo, doa la rangi ya chai (madaktari huliita tone la mafuta), ukucha kuachana na nyama, unga chini yake: ndizo alama zenyewe za soriasisi ya kucha, na zote umeziandika bila kujua. Ongeza mba isiyoisha na viwiko vyeupe. Ulikuwa ukitafuta mabaka kwenye picha za watu wa mbali, na huenda yako unayo kichwani siku zote. Picha nyingi za kwenye simu ni za ngozi nyeupe, baka jekundu kabisa. Kwetu sisi weusi baka mara nyingi huwa la zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu, na magamba yake ya rangi ya majivu hufanana na ngozi iliyokosa mafuta. Ndiyo maana mtu hupaka Vaseline miaka na mikaka bila yeyote kulitaja jina la ugonjwa.

Soriasisi ni kinga ya mwili iliyokosa breki. Seli ya ngozi kwa kawaida huchukua kama mwezi mmoja tangu izaliwe hadi ipukutike. Hapa inamaliza safari hiyo kwa siku chache tu. Uvimbe ukishika kwenye mzizi wa ukucha, ukucha hutoka na vishimo. Ukishika chini ya ukucha, seli hurundikana, na huo ndio unga unaouchokoa. Hakuna kijidudu ndani yake. Mteja huwezi kumwambukiza, wala mwenzako mnayetumia naye kitana na taulo. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linaloutaja kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu, na ambao bado hauna tiba ya kuumaliza. Neno hilo "usioambukiza" limo humo, ukihitaji kitu cha kumwonyesha mwenye saluni.

Binti yako msuke. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, sitakuficha, kwa hiyo uwezekano wake uko juu kuliko wa mtoto wa jirani. Lakini hilo ni la kurithi, halipiti kwenye vidole, na watoto wengi wenye mzazi mmoja mgonjwa hawaupati. Kumpeleka kwa jirani hakumkingi na lolote. Kunakutoa pesa tu.

Nilipofika kwenye habari za kemisti nilikasirika. Tembe za fangasi si peremende, zinaweza kuudhuru ini, na hapakuwa na sababu ya kukupa mara mbili bila mtu kukata kipande cha ukucha kikapimwe. Kipimo chenyewe hakina ajabu: wanakata ncha, wanakwangua ule unga, wanautazama kwa darubini na pengine kuuotesha maabara. Hata sasa nakushauri kifanywe, kwa sababu ukucha ulioachana na nyama ni makazi mazuri ya kuvu, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Mweleze daktari ulimeza nini na uliacha lini, maana dawa ikiwa ingali mwilini kipimo kinaweza kudanganya.

Hiyo krimu nayo, soma boksi lake. Hapa mjini mara nyingi ni ile ya tatu kwa moja, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na dawa ya kuvu na antibiotiki zote kwenye tyubu moja. Inatuliza kidogo, inaficha mengi, na daktari anayefuata anabaki kubahatisha. Ibebe uende nayo. Na mtu akikuahidi sindano au tembe za steroidi za "kukausha" mara moja, shukuru uende zako. Soriasisi hutulia kwa muda, dawa ikiisha inaweza kulipuka mwili mzima, mara nyingine kwa vipele vya usaha.

Ndimu na kitunguu saumu virudi jikoni, na Mama umwambie kwa heshima. Soriasisi ina tabia ya kuzuka pale pale ngozi ilipojeruhiwa. Kuungua kwa ndimu ni jeraha. Kukatwa ule ungozi wa shina la ukucha na mafundi wa kucha ni jeraha. Na mkia wa kitana kila jioni, hadi damu, ni jeraha unalolirudia bila kulipa nafasi ya kupona. Kila unapochokoa ukucha unaachana zaidi, unga unaongezeka, kesho unachokoa tena. Leo jioni acha. Kata kucha fupi hadi pale zilipoishia kushikana na nyama. Tia mikono kwenye maji vuguvugu, unga utakaotoka wenyewe kwa mswaki laini ndio wa kutoka, uliobaki uache. Kausha, paka Vaseline, lala.

Inapona? Kuisha kabisa, hapana. Kutulia hadi mtu asijue kama uliwahi kuugua, wengi hufika huko, ila huchukua muda na mara nyingine hurudi. Kwa kucha chache daktari kwa kawaida huanza na dawa kali ya kupaka, steroidi kama klobetasoli, peke yake au pamoja na kalsipotrioli, ambayo ni ya jamii ya vitamini D. Kama jina la klobetasoli umelisikia kwenye habari za krimu za kujichubua, ndiyo hiyo hiyo. Hapa iko kwenye kazi iliyotengenezewa. Watu wengi hukosea mahali pa kuipaka. Wanaipaka juu ya ukucha, na ukucha ni ukuta. Ipake kwenye ngozi ya shina la ukucha, usugue taratibu iingie, kwa sababu mzizi uko chini ya hapo. Pale ukucha ulipoachana na nyama, ukishaukata, paka kwenye nyama iliyobaki wazi. Ukiambiwa acha, acha, maana ikizidi huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Zikikataa, ipo sindano ya steroidi kidogo inayodungwa kwenye ngozi iliyo juu ya mzizi. Inauma. Na kama viungo vimeguswa, dawa ya kupaka haitatosha. Hapo utasikia jina methotreksati. Ni dawa ya siku nyingi, inatuliza ngozi na viungo kwa pamoja, lakini humezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki. Kuna watu waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Haipatani na mimba hata kidogo, pombe inabidi uiweke mbali, na damu hupimwa mara kwa mara. Ukiwa unafikiria mtoto wa pili, liseme kabla kalamu haijaandika. Kuna pia sindano za kibayolojia, zinazolenga kinga ya mwili yenyewe, ambazo kwa kucha na viungo hufanya kazi nzuri sana, ila kabla ya kuanza hupimwa kifua kikuu, na bei yake si ya mfuko wa msusi. Nakutajia ili ujue zipo siku daktari akizitaja.

Kuhusu Desemba nikwambie wazi: hutakuwa umepona. Ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mpya huchukua kama miezi sita kuota wote, hata dawa ikifanya kazi kuanzia siku ya kwanza. Watu wengi huacha dawa mwezi wa pili wakidhani imeshindwa, kumbe wanatazama ncha. Ncha ni habari za miezi iliyopita. Tazama shina. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja penye mwanga, na uone kama kinachochipuka pale chini kina vishimo au ni laini.

Jeli? Hapana, binti yangu. Ili jeli ishike, fundi husugua ukucha juu. Ili itoke, huulowesha kwa asetoni na kuukwangua. Hayo ni mateso mawili kwa ukucha ambao tayari umechoka. Ukiongeza urefu, kila unapogonga kichwa cha mteja ile ncha ndefu inanyanyua ukucha kutoka kwenye nyama. Kuna na watu ngozi zao huzikataa kabisa kemikali za jeli. Kama unataka kufunika, rangi ya kawaida juu ya kucha fupi sina neno nayo, ila utafute kitoa rangi kisicho na asetoni, na siku ya kliniki uende bila rangi. Hina halisi pia inafunika vizuri, lakini doa lake halitoki mpaka ukucha uote, kwa hiyo subiri daktari akuone kwanza. Piko nyeusi usiiguse, ile huchanganywa na rangi ya nywele na imeshaunguza mikono ya mabibi harusi wengi.

Sasa kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuumiza. Mwenye saluni amekutoa kwenye kusuka akakupeleka kwenye kuosha. Maji kutwa, shampuu, dawa za kulainisha nywele: hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa kucha hizi. Kwenye kusuka ulikuwa salama zaidi. Mpaka hilo lirekebishwe, usioshe kichwa hata kimoja bila glavu, za pamba ndani na za mpira nje, na za pamba zikilowa ubadilishe. Ukirudi kwenye kusuka, gawa nywele kwa mkia wa kitana, ambao umetengenezewa kazi hiyo, wala usitumie ukucha. Funga ncha za vidole vinavyouma kwa plasta laini ya kitambaa ili nywele za bandia zisipate pa kupenya. Kichwa cha kwanza utaona vidole vizito, cha pili utakuwa umezoea. Na kutumbukiza ncha za misuko kwenye maji moto mwachie mwenzako.

Mwenye saluni simtetei, lakini namwelewa: anahofia kiti kitupu. Usizungumze naye mbele ya wasusi wenzako wala siku ya Jumamosi. Nenda na karatasi kutoka kliniki yenye jina la ugonjwa, mwambie hauambukizi, mwambie kuosha nywele kunakuzidishia, na umwombe akurudishe na plasta zako. Kwa wateja nakushauri uwe wa kwanza kusema. Ukiwa bado unachana, kabla mtu hajatazama kioo: "Usiogope hizi plasta, nina soriasisi, haiambukizi, natibiwa." Kisha muulize anataka misuko ya saizi gani. Atakayeondoka ataondoka kabla hujagawa nywele, na wengi watakaa. Wengine watakuambia wao au dada yao wanayo, utashangaa. Yule wa nusu kichwa usimfuate. Wanaonong'ona kuhusu virusi huna deni la kuwaonyesha majibu yako.

Kwenda hospitali huna kisingizio cha nauli. Mbagathi iko jirani na soko lenu, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pia. Kenyatta ni ya rufaa, kwa hiyo usianzie huko. Anzia Mbagathi au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe barua ya kwenda kliniki ya ngozi. Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, maana kugundua kwenye foleni kwamba jina halipo ni kupoteza siku nzima ya kazi. Ukiwa na dawa nyingine unayomeza, ya presha au ya chochote, ibebe pia, kwa sababu zipo zinazoichochea soriasisi.

Ndani ya chumba cha daktari usinyooshe kucha tu halafu unyamaze. Vua kilemba aone ile mba. Kunja mikono ya sweta aone viwiko. Kisha mpe kidole cha shahada na usome yale uliyoandika kwenye simu. Akianza kukuandikia tena tembe za fangasi bila kupima, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba ukucha ukatwe upimwe kwanza, na naomba unitazame hiki kidole, asubuhi kinakaza." Ukiona hasikii, omba barua ya rufaa, ni haki yako kuiomba. Nenda wiki hii, siku ambayo soko huwa halina watu, na majibu ya kidole yakitoka uniandikie.